Deni la Kazi la Hamisi

Nilikwenda Dodoma na Kondoa kwa sababu ya deni la mtu aliyekwisha kuzikwa. Lingekuwa deni la fedha ningelituma kwa dereva wa basi nikabaki zangu nyumbani, maana magoti yangu na viti vya mabasi havipatani. Lakini lilikuwa deni la kazi, na kazi hutumi kwa dereva.

Wakati huo shirika la umma nililolitumikia tangu ujana lilikuwa limeshauzwa na sisi wazee tumeshapunguzwa. Nilifungua kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Morogoro, na mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa Hamisi, kijana mrefu kutoka Kondoa. Alilala kwangu, akala na wanangu, akagombana nao kama ndugu. Alipoiva akapata kazi Dodoma, kwenye shirika dogo la kuchimba visima vijijini, na mtandao wa ofisi ile aliufunga yeye peke yake kuanzia waya wa kwanza. Kisha akashikwa na homa, akapanda basi kwenda kwao akidhani atapona kwa uji wa mama yake, na hakurudi. Walimzika siku ileile aliyofariki. Habari zilinifikia watu wakiwa wameshatoka makaburini, na hadi leo ninapoandika sijazoea.

Siku ya arobaini baba yake, Mzee Shabani, alinipigia simu kutoka kibanda cha simu cha Kondoa mjini. Alikuwa na sauti ya mtu aliyepanga maneno njiani.

"Mwalimu," alisema, "leo tumesoma hitma. Nimesimama mbele ya watu kama nilivyosimama siku ya mazishi, nikasema anayemdai mwanangu aje kwangu. Siku ya mazishi hakujitokeza mtu. Leo amesimama bwana mmoja wa ofisini kwao. Amesema hawamdai kitu, isipokuwa ile mitambo aliyoifunga imekuwa mibovu, kila asubuhi haifanyi kazi. Watu wote wamesikia."

Nikamwambia pole, mzee, mashine huharibika.

"Mimi sijui kompyuta," alisema. "Ningezijua ningekwenda mwenyewe. Wewe ndiye uliyemfundisha. Nenda ukamlipie, halafu uje uniambie kama mwanangu yuko huru."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa stendi na mkoba wangu wa bisibisi. Basi lilipita Dakawa na mashamba yake ya mpunga, likapanda hadi Gairo ambako abiria walifunga madirisha kwa baridi, likashuka Kibaigwa na kukwama nyuma ya malori ya mahindi. Baada ya hapo nchi ikafunguka, kavu, nyekundu, na vichaka vya miiba hadi macho yanapoishia. Chamwino walishuka watumishi wa serikali wawili na vitanda vya kukunja. Muda wote huo nilikuwa nikifikiria nilichomfundisha Hamisi na nisichomfundisha. Nilikuwa na hasira, nasema wazi, hasira ya mtu aliyezoea kudhani kwamba wanafunzi ndio watakaomzika yeye.

Dodoma tulifika alasiri, upepo ukipeperusha vumbi na mifuko ya plastiki. Ofisi yenyewe ilikuwa Ipagala, nyumba ya kupanga yenye uzio wa michongoma, kati ya nyumba nyingine ambazo hazijaisha kujengwa. Getini alinipokea mhasibu, Lazaro, Mgogo wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwa", kwa mazoea, akakumbuka mimi ni mgeni, akainamisha kichwa na kusema shikamoo.

"Marahaba. Hamisi alifanya kazi chumba gani?"

"Kile cha mwisho. Lakini hakitumiki sasa," alijibu, akanipeleka upande mwingine.

Ndani ya kastoo kenye feni ndipo ilipokaa seva. Kwa wasiojua, seva ni kompyuta moja inayotunza mafaili ya ofisi nzima, na nyingine zote huenda kuchota kwake. Kila mashine ina namba yake ndani ya mtandao, kama nyumba zinavyokuwa na namba mtaani, na ya seva haitakiwi kubadilika, la sivyo wenzake hawajui pa kuifuata. Hamisi alikuwa ameziandika zote kwa mkono, moja baada ya nyingine, kisha akabandika kijikaratasi chenye namba nyuma ya kila mashine. Mwandiko wake niliujua. Nikasimama pale na tochi, nikajifanya nasoma.

Nilipoikagua seva, ilikuwa inafanya kazi vizuri. Namba yake ilikuwa ileile ya kwenye kijikaratasi, na kila kilichoandikwa chini yake kilikuwa sahihi. Nilimuuliza Lazaro ugonjwa uko wapi.

"Mchana huwa nzima," alisema. "Asubuhi ndiyo haipatikani. Sote tunakaa bure mpaka saa nne. Tukitoka kunywa chai naizima, naiwasha, inapona."

"Ilianza lini?"

"Tangu irudi Dar. Umeme ulikatika vibaya wakati wa mvua ukaiunguza, tukaipeleka matengenezo. Iliporudi Hamisi alikuwa ameshazikwa. Dereva aliichomeka kama ilivyokuwa. Kesho yake tu ikaanza."

Meneja alitoka ofisini kwake kunisalimia, mtu mpole mwenye haraka. Alisema wanamheshimu marehemu, lakini vijiji vinasubiri na ripoti hazitoki. Keshokutwa ingekuja kampuni kutoka Dar es Salaam kung'oa mtandao wote na kufunga mwingine. Nikamwomba asubuhi moja. Akanipa, kwa uso wa mtu anayempa mgonjwa maji.

Usingizi wa gesti ulikuwa mbaya. Niliwaza kwamba wakiing'oa kazi ile, hakuna atakayejua tena kama ilikuwa nzuri au mbovu, na maneno yaliyosemwa Kondoa yatabaki kama yalivyosemwa. Mzee Shabani angeishi nayo.

Asubuhi nilifika Lazaro akiwa ndiyo kwanza anafungua stoo. Umeme wa pale hauaminiki, kwa hiyo kila jioni huizima seva na asubuhi huiwasha. Aliwasha, tukasubiri, na kwenye kioo kikatokea kisanduku cha maneno ya Kiingereza. Kabla sijavaa miwani, Lazaro alikuwa ameshabonyeza sawa na kuzima kioo.

"Umebonyeza nini?"

"Hicho? Hutokea kila siku. Nabonyeza sawa kinaondoka."

Nilimtazama. Nimekaa na mafundi na wahasibu miaka mingi, lakini siku ile nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikawasha kioo tena na kumwambia aizime mashine, aiwashe upya. Kisanduku kikarudi, nikakisoma kwa sauti nikimtafsiria: kuna mashine nyingine kwenye mtandao huu inatumia namba hii, kwa hiyo mimi nimejitoa.

"Mashine gani?" aliuliza.

"Ndiyo tunaitafuta."

Nilizunguka ofisi nzima. Wafanyakazi walinipisha kwenye viti vyao wakiniita Mwalimu, maana Hamisi aliniita hivyo na wao walirithi. Mashine ya meneja ilikuwa na namba yake, ya Lazaro namba yake, ya wahandisi namba zao. Zote zilifanana na vijikaratasi. Nikauliza kama kuna nyingine. Hakuna, walisema, ndizo hizo. Mmoja akatazama chini aliposema hivyo, nikadhani ana aibu ya vumbi lililojaa mezani kwake.

Basi nikarudi stoo, nikachomoa waya wa seva kabisa. Kuna njia ya kuiita namba kwenye mtandao: unaiandika, unasubiri, na kama kuna mashine yenye namba hiyo, inaitika. Nilikaa kwenye kompyuta ya Lazaro nikaiita namba ya seva, na seva yenyewe iko pale waya mkononi.

Ikaitika. Ikaitika tena na tena, bila kuchelewa.

Lazaro aliyekuwa nyuma yangu alirudi hatua moja, na mimi pia sikupenda nilichokiona. Nikamwacha aangalie kioo, nikaenda kwenye kile kisanduku kinachokusanya nyaya zote, nikawa nazichomoa moja moja na kuzirudisha, isipokuwa ule wa kompyuta ya Lazaro. Kila waya niliochomoa, Lazaro alisema bado inaitika. Nilipofikia waya wa mwisho, wenye taa ya kijani iliyokuwa ikipepesa peke yake pembeni, akasema, "Imenyamaza."

Niliufuata waya ule ukutani, ukapita juu ya milango, ukaingia chumba cha mwisho.

"Hicho ni cha marehemu," Lazaro alisema kwa sauti ya chini. "Hakitumiki."

"Kuna mashine inawaka humo."

"Asubuhi huwa anaingia Neema wa mapokezi. Huwa tunamwachia."

Nikabisha hodi. Ndani alikuwamo huyo msichana wa mapokezi, ambaye ndiye hukaa na funguo na kufungua ofisi kabla ya wote. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, si cha Hamisi, mikono mapajani, na mbele yake kompyuta ya Hamisi imewashwa, kioo kinang'aa hakina kitu. Alisimama haraka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Nilimuuliza kwa nini anaiwasha. Akaeleza taratibu kwamba Hamisi alikuwa akichelewa kidogo asubuhi kwa kuwa anatoka mbali kwa baiskeli, na mashine ile nzito huchukua muda kuamka, kwa hiyo alimwomba awe anamwashia akifungua ofisi. Saa nne Hamisi alikuwa akiondoka kwenda vijijini, ndipo yeye alipoizima. Aliporudi kazini baada ya msiba aliiwasha bila kufikiri. Siku ya pili alifikiri, na akaiwasha vilevile.

"Kuna kosa?" aliuliza. Uso wake ulikuwa umeanza kuelewa kabla sijajibu.

Nikaigeuza mashine, nikaimulika kwa tochi yangu. Kijikaratasi cha nyuma kilikuwa na namba yake halisi, kwa mwandiko uleule. Nikafungua ndani, nikakuta namba nyingine kabisa, namba ya seva. Nikamwita Lazaro.

"Wakati seva iko Dar, mlifanyaje kazi?"

"Tulifanya tu. Hamisi alisema ameshatengeneza, tuendelee."

"Hukumuuliza alitengeneza vipi?"

"Aliposema ameshatengeneza, nani alimuuliza?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Seva ilipoungua, Hamisi alichukua kompyuta yake mwenyewe akaiandika namba ya seva, akaiwekea mafaili, ikashika zamu kutwa nzima, bila kuzimwa saa nne, ili ofisi isisimame. Seva ikirudi, angeirudishia kompyuta yake namba yake ya awali, kazi ya dakika chache. Homa ikamtangulia. Kila asubuhi Neema aliiwasha mapema, ikakaa kwenye nafasi ile, na seva ilipoamka ikakuta mtu kitini pake, ikajitoa.

Niliwaeleza wote wawili. Neema alishika meza.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Wamesema kazi yake mbovu huko kwao, mbele ya baba yake, na aliyeiharibu ni mimi."

"Hukuiharibu."

"Ni mimi, Mwalimu." Akaanza kulia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia mahali anapoweza kusikika. Lazaro akatoka nje. Nikaketi kwenye kiti cha Hamisi, nikairudishia mashine ile namba yake ya kwenye kijikaratasi. Nilipomaliza niliiacha ikiwaka, nikaenda kuchomeka waya wa seva na kuiwasha. Kisanduku hakikutokea. Katika vyumba vyote nikasikia watu wakianza kuandika.

Mchana ule Lazaro alinifuata chini ya kivuli cha paa la kuegeshea gari. Alivua miwani yake.

"Niliyesimama Kondoa ni mimi," alisema. "Mzee aliuliza, na mimi nikajibu kama ninavyojibu mkaguzi. Sikujua yanakwenda wapi."

"Na huyu Neema?"

"Ofisini tulijua. Yeye ni wa Chamwino, Mkristo, mtoto wa mchungaji. Yule Mwislamu wa Kondoa. Walikuwa hawajasema kwao. Sasa si mke, si ndugu. Tungempa pole kwa lipi?"

Meneja aliposikia, aliuliza kosa ni la nani. Nikamwambia hakuna aliyekosea. Mtu alifariki katikati ya kazi nzuri. Akapiga simu Dar kuwaambia wasije. Akampa Lazaro ruhusa ya siku mbili bila kuombwa.

Alfajiri ya siku iliyofuata tulipanda basi la Kondoa, mimi na Lazaro. Kabla ya kuondoka nilimuuliza Neema nimwambie nini mzee. Alisema, "Mimi sina la kumwambia. Ukiona inafaa, utasema." Lami iliishia karibu na Makutupora, na kuanzia hapo ilikuwa vumbi, mchanga na makorongo. Haneti tulishuka kunywa chai yenye moshi. Lazaro hakunywa. Alikuwa akirudia maneno midomoni kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya darasa.

Kondoa tulifika watu wakitoka kuswali alasiri. Mzee Shabani alitupokea mlangoni kwake, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, akatushika mikono yote miwili. Tulipomwambia tuna neno, hakutaka kulisikia ndani. "Lile la kwanza lilisemwa mbele ya watu," alisema, na akatuma waitwe waliokuwa bado msikitini. Wakaja, wakakaa kwenye mikeka barazani. Lazaro akasimama na kofia mkononi.

"Mimi ndiye niliyesema siku ile," alisema. "Nimekuja kuyafuta. Mashine yetu kuu ilipoungua, Hamisi aliichukua kazi ya mashine hiyo akaiweka kwenye kompyuta yake mwenyewe, na hatukukaa hata siku moja bure. Hakutuambia, na sisi hatukumuuliza. Hatumdai. Yeye ndiye anayetudai sisi."

Watu wakasema alhamdulillahi. Mzee Shabani aliinamisha kichwa, mabega yake yakishuka taratibu. Kisha akasema, "Nimesikia. Mwanangu yuko huru." Nikaenda naye makaburini, tukasimama kwenye udongo ambao bado ulikuwa mwekundu kuliko ule wa jirani zake. Nililia pale, na mzee akaniacha nimalize.

Baada ya chakula alinitolea sweta la kijivu. Nguo za marehemu zilikuwa zimeshagawiwa siku ya arobaini. Hilo walikuwa wameniwekea mimi. Nililijua, maana Hamisi alikuwa haachi kulalamikia baridi ya Dodoma. Nililiweka mapajani.

"Kitu kimoja sijaelewa," mzee alisema. "Mashine yake ilikuwa inawaka kila asubuhi. Nani alikuwa anaiwasha?"

Lazaro alitazama ukuta. Nikamwambia. Nilimwambia jina lake, kwao, na dini yake, na kwamba alikaa kwenye kiti cha wageni. Mzee alisikiliza bila kunikatiza. Kutoka chumbani mama Hamisi, aliyekuwa hajasema neno tangu tuingie, aliuliza, "Ana baba na mama?"

"Anao, mama. Lakini nao hawajui."

"Nilisimama mara mbili," mzee alisema polepole. "Nikasema anayemdai aje. Yule binti hakuja."

"Angekuja kudai nini, mzee?"

Alinyoosha mkono akalichukua sweta mapajani mwangu, akalikunja upya vizuri, mikono ndani, akalirudisha. "Wewe nitakutafutia kitu kingine," alisema. "Hili mpelekee. Mwambie limetoka kwa mama yake Hamisi."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu na sikuigombeza barabara. Nilikwenda nikidhani nalipa deni la kazi, na lililokuwa halijalipwa lilikuwa jingine, halikuwa na wa kulidai. Watu walikuwa wamemheshimu Neema kwa kumwachia chumba na kufunga mlango. Mimi mwenyewe ningeweza kuupita mlango ule nikaondoka.

Tulilala Dodoma, na asubuhi tukafika Ipagala ofisi ikifunguliwa. Neema alikuwa ndani ya chumba cha mwisho, amesimama mbele ya mashine iliyozimwa. Nilimpa sweta, nikamwambia maneno kama nilivyotumwa. Alilishika kifuani, akalinusa, akaufunika uso wake nalo. Baadaye akauliza kama anaweza kuiwasha.

"Iwashe," nilimwambia. "Ina namba yake sasa. Haimzuii mtu."

Hakuiwasha. Alilivaa lile sweta, mikono ikampita vidole, akatoka nje mpaka ukumbini ambako wote walikuwa wameketi. Watu wakaacha kuandika. Lazaro ndiye aliyesimama kwanza. Akamwendea, akampa mikono miwili kama anavyopewa mfiwa, akamwambia, "Pole kwa msiba, Neema." Na wengine wakapanga mstari nyuma yake.